Ngazi Aliyoihamisha Harm

Meli Hilligje, Bandari ya Kale
Meppel, 14 Januari 1987

Shemeji Roelof,

Huna simu, na hata ungekuwa nayo usingenisikia, masikio yako uliyaacha chumba cha injini miaka mingi iliyopita. Kwa hiyo naandika. Nimevaa makoti mawili na glavu za marehemu, ukiona mwandiko unayumba usidhani ni uzee.

Harm tulimzika Oktoba. Taarifa niliipeleka dukani kwa Teun, maana barua za manahodha wote wa Maasbracht zinapitia pale kwenye makopo yake ya rangi na kamba. Teun aliniambia amekukabidhi mkononi. Hukuja, hukuandika. Basi. Sikuandikii kugombana. Wewe na mdogo wako mligombana vya kututosha sote.

Naandika kwa sababu ya injini. Bandari hii inapokea meli za zamani tu, na sharti lake ni moja. Kila mwaka, Jumamosi ya kwanza ya Aprili, kila meli itoke gatini kwa injini yake yenyewe, ifike darajani, irudi. Isiyoweza inapisha nyingine. Mwaka huu ni tarehe nne. Miaka yote Harm alishuka chini akafanya mambo yake, mimi nikashika usukani, injini ikaanza kudunda. Sikuwahi kumuuliza anafanyaje. Nilidhani tuna muda.

Binti yetu Jantine ameshanitafutia nyumba Hoogeveen, ghorofa ya nne, yenye joto la mabomba. Mimi nimelala ndani ya meli hii tangu niolewe, miaka arobaini na mmoja. Sitaki ghorofa, Roelof. Nataka kubaki kwangu.

Na jiko la dizeli nalo limezima tangu juzi. Maji ya kunawa yameganda kwenye beseni. Injini hii mliilea wewe na Harm mkiwa vijana, baba yenu akiwa bado nahodha. Nifundishe.

Aaltje


Maasbracht, 22 Januari 1987

Shemeji,

Barua imefika. Maneno ya msiba sina, sikuwahi kuwa nayo, usiyangoje.

Jiko kwanza, injini baadaye. Mtu aliyeganda hafundishiki. Fungua kifuniko cha juu umulike ndani kwa tochi. Chini kabisa kuna tundu dogo ambalo dizeli inaingilia tone kwa tone. Nakuapia limezibwa na masizi magumu kama kokoto, Harm alikuwa mvivu wa kusafisha tangu utotoni. Kwangua kwa bisibisi mpaka uone chuma. Halafu shika neno hili moja: jiko likikuzimikia, usiliwashe tena likiwa na moto mwilini na dizeli imetuama chini. Ngoja lipoe kabisa, kausha dizeli kwa matambara, ndipo uwashe. Na ukihisi kichwa kizito na usingizi wa ajabu ajabu, usikae kujiuliza. Toka nje, uache mlango wazi.

Mimi hapa jiko langu linavuma vizuri, nimenyoosha miguu mbele yake, Nooitgedacht imetulia gatini. Meli yangu haina mapazia. Nilimwambia Harm mwaka 1969, siku alipokata sitaha aweke madirisha: meli isiyobeba mzigo si meli, ni jeneza lenye mapazia. Sijabadili mawazo. Lakini hakuna sababu ya wewe kugandia humo.

Niambie moto una rangi gani.

Roelof


Meppel, 1 Februari 1987

Shemeji,

Onyo lako lilifika Jumatatu. Mimi nililiwasha Jumapili.

Asubuhi lilikuwa limekubali kuwaka kidogo, likazima tena; lilikuwa bado la moto, dizeli imetuama, nikatupia kiberiti. Kwanza kimya. Kisha likaanza kupiga ngoma, bum, bum, bum, dohani ikawa nyekundu, vikombe vikacheza kwenye kabati. Nilikimbilia gatini na soksi tu miguuni. Jirani yangu Wubbo, wa meli ya pili, alitoa kichwa dirishani akauliza, "Mama Aaltje, unaondoka leo au unangoja Aprili?" Mjinga yule. Lakini aliniletea supu ya njegere na soseji, kwa hiyo nimemsamehe nusu.

Sasa nimefanya ulivyosema. Kokoto za masizi zimejaa sufuria nzima. Moto ni wa buluu chini na njano kidogo juu. Nimevua koti moja.

Kuhusu jeneza lako: mapazia niliyashona mimi, kwa hiyo tusi hilo ni langu, si la Harm peke yake. Na kama unadhani alikata kila kitu, umekosea. Boriti ya kupakilia mizigo bado iko kwenye mlingoti, na kapi zake na winchi yake ya mkono. Kila majira ya kuchipua aliipaka grisi. Ilipandisha baiskeli, mitungi ya gesi, mara moja piano ya Jantine. Siku nyingine naanikia nguo.

Nakutumia soksi za sufu, nimezifuma mwenyewe. Na sasa nakuuliza, swali langu ni moja tu: kwa nini hukuja kumzika mdogo wako? Injini inaweza kungoja jibu hilo.

Aaltje


Maasbracht, 12 Februari 1987

Shemeji,

Buluu chini na njano kidogo juu ni sawasawa. Soksi nimezipata. Ni za joto.

Injini haiwezi kungoja, tarehe nne haingoji mtu. Haya, soma umesimama mbele yake.

Ina silinda moja tu na kichwa cha chuma mfano wa kitunguu. Hicho kitunguu ndicho kinachowasha dizeli, kwa hiyo lazima kiwe moto kabla ya yote. Washa ile taa ya kupulizia moto, uielekeze kwenye kitunguu, kisha ondoka. Ndiyo, ondoka. Harm alikuwa akinywa kahawa vikombe viwili, mimi kimoja, ndiyo maana yake ilikuwa ikiwaka na yangu ikikohoa. Kikishaanza kuwa chekundu kama cheri iliyoiva, tia oili kwenye vikombe vyote saba. Saba, vihesabu. Halafu pampu ya dizeli kwa mkono, mara tatu. Halafu gurudumu zito: lisukume mbele na nyuma, mbele na nyuma, kama unabembeleza mtoto, mpaka utakaposikia limegoma. Hapo lisukume kwa nguvu na uondoe mkono. Uondoe mkono, Aaltje.

Swali lako jingine nitalijibu nikipata nafasi.

Roelof


Meppel, 8 Machi 1987

Shemeji,

Nimejaribu mara tisa. Inakohoa, inanitemea moshi usoni, inalala. Jana gurudumu lilirudi likanipiga kwenye mkono, umevimba kama mkate. Jantine alikuja akanikuta nimekaa sakafuni chumba cha injini, uso mweusi, nalia. Hakunigombeza. Hilo ndilo lililoniuma. Aliniosha uso kwa maji ya moto akasema, "Mama, nimeshasaini ile nyumba. Kuanzia Mei."

Alinipeleka kuiona. Ukutani kuna kidude cheupe, unakizungusha, joto linakuja. Hakinuki, hakilii. Sikuona moto popote. Nilikaa kitandani pale na koti langu, sikujua nitazame wapi.

Sikulaumu wewe. Umenifundisha vizuri. Mikono yangu haijui, basi. Nadhani mambo yamekwisha.

Aaltje


Maasbracht, 13 Machi 1987

Aaltje mpenzi,

Hayajakwisha. Nyamaza unisikilize.

Unapasha kitunguu kidogo mno kwa sababu unaogopa. Najua unaogopa, mimi niliogopa mwaka mzima. Baba alikuwa akituweka mimi na Harm mbele ya injini, Harm miaka tisa, mimi kumi na sita, na Harm ndiye aliyeipata kwanza. Ukweli ni huo, sijawahi kuusema mbele yake. Mimi niliilazimisha, yeye aliibembeleza. Aliweka kiganja kwenye silinda akaongea nayo, nami nikamcheka. Iwekee kiganja.

Vikombe vitatu vya kahawa. Unywe vyote, ukae kabisa, usisimame kuchungulia.

Kisha upande. Injini hii haina gia ya kurudi nyuma. Inaweza kuzunguka pande zote mbili, na inakotaka kuzunguka ndiko meli inakokwenda. Kwa hiyo kabla hujaunga pangaboi, lile la majini linalosukuma meli, tazama gurudumu. Sehemu yake ya juu ikikimbilia upande wa ngazi, meli inakwenda mbele. Kumbuka ngazi, huwezi kukosea.

Ukitaka kurudi nyuma kuna mchezo mmoja. Unapunguza mafuta mpaka injini inataka kukata roho. Pigo moja, kimya. Pigo moja, kimya kirefu zaidi. Pale gurudumu linaposhindwa kuvuka na kutaka kurudi lilikotoka, unapampu mafuta mara moja, nayo inashika upande wa pili. Ukiwahi, imeendelea. Ukichelewa, imekufa katikati ya maji. Harm aliuweza. Wewe usiujaribu, nakuandikia tu ili ujue kwa nini yeye alikuwa akitabasamu akipanda kutoka chini.

Ningetoa mengi niwe hapo.

Roelof


Meppel, 5 Aprili 1987

Roelof,

NGAZI!

Harm aliihamisha ngazi mwaka 1970, mpumbavu mpendwa wewe! Alipojenga jiko la kupikia aliing'oa kulia akaifunga kushoto. Miaka kumi na saba ngazi iko kushoto!

Acha nianze vizuri. Vikombe vitatu vya kahawa, kiganja kwenye silinda. Ilikuwa imewaka Jumanne ya wiki iliyopita, tukiwa bado tumefungwa gatini, nikalia tena, mara hii kwa sababu nzuri. Jana nikaiwasha mbele ya watu wote. Kamati nzima imesimama gatini na karatasi zao, mwenyekiti ana samaki mkononi anakula na vitunguu. Jantine kwenye usukani, kwa sababu alisema kama nitaaibika hataki niaibike peke yangu. Nikatazama gurudumu. Linakimbilia ngazi, sawasawa kabisa na barua yako. Wubbo akafungua kamba. Nikaunga pangaboi.

Hilligje ikaondoka kinyumenyume.

Jantine akapiga kelele, "Mama! Mbele! Mbele!" Nami huko chini napiga kelele, "Hii ndiyo mbele! Baba yako mkubwa ameandika!" Tumeshatoka nje ya nguzo, matako kwanza, huku Wubbo anakimbia gatini na fito akicheka mpaka kofia yake ikaanguka majini. Nisimamishe? Nikisimamisha nimeshindwa. Nikamwambia Jantine, "Geuka utazame nyuma, ushike usukani, twende." Mtoto wa meli ni mtoto wa meli. Tulikwenda hivyo hivyo mpaka darajani.

Lakini sharti linasema kufika na kurudi. Kurudi maana yake ni mbele. Ilinibidi nicheze ule mchezo.

Nilipunguza mafuta. Pigo moja, kimya. Nilisikia maji yanapita chini ya sakafu. Pigo moja, kimya kirefu. Nilikuwa nimeweka kiganja kwenye silinda, nikasema kwa sauti, "Harm, sasa?" Na mkono wangu ukapampu wenyewe, sikuuamuru. Ikashika, Roelof. Upande wa pili. Ikashika na kuimba, tukarudi mbele, pua kwanza, kama bibi harusi.

Mwenyekiti alishuka na samaki wake akasema, "Mama Aaltje, kutoka kwa nyuma kwa makusudi! Tangu baba mkwe wako hatujaona ubingwa wa namna hii." Sikumsahihisha. Nafasi ni yangu. Jantine mwenyewe amesema kesho anakwenda kuirudisha ile nyumba ya Hoogeveen, sikumwomba.

Sasa nisikilize. Nilikaa usiku nikacheka peke yangu kuhusu ngazi, kisha kicheko kikaniisha. Wewe unaijua meli hii mpaka 1969 tu. Nikazitoa barua zako zote nizisome tena. Nikazinusa. Barua zangu zinanuka dizeli, Jantine huwa analalamika. Barua ya Wubbo ya Krismasi inanuka dizeli. Kila karatasi iliyowahi kulala ndani ya meli inanuka. Zako zinanuka sabuni.

Uko wapi, shemeji?

Aaltje


Maasbracht, 16 Aprili 1987

Aaltje,

Nimeisoma hadithi ya ngazi mara nne. Wauguzi walidhani nimeugua, nimecheka kwa sauti na mimi sijisikii nikicheka.

Ndiyo, wauguzi. Nooitgedacht ilikatwakatwa kuwa chuma chakavu miaka mitatu iliyopita. Mizigo ilikuwa imekwisha, wenye meli kubwa wamechukua yote. Mwaka uliofuata sukari ilinila mguu wa kulia, wakaukata juu ya goti. Niko nyumba ya wazee wa meli, ghorofa ya tatu. Teun ananiletea barua kila Alhamisi na anatunza siri. Hapa ukutani kuna kidude cheupe, unakizungusha, joto linakuja. Uliponiandikia kuhusu kidude chako niliikunja barua nikashindwa kuimaliza siku ile.

Ile soksi ya kulia iko kwenye droo. Wakati mwingine naitoa naishika.

Sasa jibu lako. Siku ya mazishi nilikuwa nimevaa suti. Gari la kunipeleka stesheni lilikuwa mlangoni. Nikawaza nitafika gatini, kisha nini? Nishushwe na watu kama gunia, mbele ya kila mtu, ndani ya meli niliyoiita jeneza. Nikavua suti. Mdogo wangu akaenda bila mimi kwa sababu niliona haya. Hakuna sababu nyingine, na nimeitafuta sana.

Nilimwonea wivu, Aaltje. Yeye aliweka madirisha akaendelea kuishi juu ya maji. Mimi nilishikilia mzigo mpaka sikubaki na meli.

Nisamehe kwa ngazi, na kwa mengine yote.

Roelof


Meppel, 26 Aprili 1987

Roelof,

Nimekusamehe, na Harm alikusamehe kabla yangu. Chumba cha mbele, kile chenye vitanda viwili vya ubao mlichokuwa mnalala utotoni, hakuwahi kukigusa. Nilikitaka kiwe stoo miaka kumi na saba. Kila mara alinijibu neno moja, "Hicho cha Roelof." Juzi nimetoa godoro nje nikalipiga vumbi. Jiko dogo la makaa la mle ndani limewaka bila matata, moto ni mwekundu, dohani inavuta vizuri. Sasa hivi Jantine amelala mle kulijaribu, anasema kuna joto kupita kiasi.

Tunaondoka Jumatano, tarehe sita Mei. Mimi chini, Jantine kwenye usukani, Wubbo amejialika mwenyewe. Tutaupanda mto IJssel polepole, Nijmegen, kisha Maas mpaka kwenu. Siku nane, tukijua mbele ni wapi.

Kuhusu kupanda. Hutashushwa na watu na hutapita kwenye ngazi, ya kulia wala ya kushoto. Nimeipaka boriti ya kupakilia grisi mpya, kapi zinazunguka. Kiti cha Harm cha mikono nimekifunga kamba nne. Wubbo amekikalia, kilo mia moja na nne, tumempandisha na kumshusha mara mbili, ameomba ya tatu. Utapanda juu ya maji, uzunguke taratibu, ushuke sitahani mbele ya wazee wote wa ghorofa ya tatu. Si kama gunia. Kama mzigo halali wa meli.

Ulisema meli isiyobeba mzigo si meli. Basi njoo tuwe meli.

Aaltje


Kadi ya posta
Maasbracht, 30 Aprili 1987

Shemeji,

Mzigo uko tayari. Kipande kimoja, kilo sabini na moja, soksi mbili, suti. Ngazi ikae upande wowote, nitazoea.

Kuanzia siku ya saba ya safari yenu nitakuwa gatini tangu asubuhi, Teun amekubali kunisukuma kwenye kiti cha magurudumu. Sitawasikia mkija. Lakini ile injini inapiga hata majini, na gati hapa lina nguzo za chuma zilizozama chini kabisa. Nitaweka kiganja kwenye nguzo ya kwanza. Kabla hamjakata kona ya mto, nitakuwa nimeshajua.

Roelof